Parseli ya Chai

Mutu wa kwanza kuniuliza nani alikunywa pombe alikuwa amesimama ndani ya parseli yangu, kipande changu cha udongo, jembe mukononi, miti yangu ya mipaka ameing'oa, mahindi yake imekwisha kufika magoti.

"Amahoro, mama," akasema. "Unatafuta nani?"

"Sitafuti mutu. Naangalia parseli yangu."

Akacheka bila kunyanyua uso. "Hapa iko kwa ndugu yangu. Miye nimeshuka kutoka Kizuka kumulindia udongo wake. Kama weye ulinunua, sema basi: nani alikunywa pombe?"

Nilikuwa na mutoto mugongoni na beseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani. Ile siku ya kununua, pombe haikukuwako. Nilipika chai.

Lazima nieleze, kwa sababu watoto wangu waliozaliwa nyuma wananiuliza kila mara chai na udongo vinahusiana namna gani.

Huku kwetu Rumonge, na kolini zote, vile vilima vya huku juu, mutu hanunui udongo kwa furanga peke yake. Siku ya kutia mipaka, mununuzi analeta pombe. Mutungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, na mwenye uwezo anaongeza biya ya chupa. Wanakuja bashingantahe, ndio wazee wanaokata maneno ya kolini, wanakuja majirani wa pande zote, murija unapita kinywa kwa kinywa. Kutoka siku ile, kila aliyekunywa iko mushahidi. Karatasi inaweza kulowana, mchwa unaweza kuila. Lakini mutu aliyekunywa pombe ya parseli yako hawezi kusimama kesho na kusema hakukuona kitu.

Miye nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, inchi ingine, upande wa Baraka. Mume wangu, muvuvi wa ndagala, alinileta huku mbele kidogo ya Independansi. Siku ya bendera tulicheza ngoma uwanjani na muzigo yetu ikiwa bado imefungwa, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ametuambia tutoke. Ndiyo ilikuwa maisha yetu. Unapanga chumba, unakizoea, unajua ukuta gani unavuja, halafu mwenye nyumba anapata mukwe, ama anapata hasira, na weye unabeba mafiga yako kichwani. Watoto wangu walikuwa wanauliza kila wakifika mahali: "Mama, hapa tunaruhusiwa kuchora kwenye ukuta?" Nilikuwa nawaambia ngojeni, siku moja ukuta utakuwa yetu.

Kusoma nilijifunza nikiwa na watoto tayari, katika shule ya jioni ya kanisa letu. Mwalimu alikuwa kijana mupole, shati yake daima na wino. Ni yeye aliyenifundisha kwamba nyumba haianzi na matofali. Alisema, "Mama, kwanza udongo. Udongo ukiwa wako, ndipo utakaa chini kufikiri mulango utaangalia wapi." Mume wangu alitaka tununue mabati kwanza kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Nikakataa. Mabati ungeyaweka wapi, kwenye mutumbwi?

Tulipoambiwa kuna mutu anauza kipande chini ya mingazi yake, ile michikichi ya mawese, karibu na barabara inayoenda Nyanza-Lac, sikuenda kukiangalia siku ya jua. Siku ya jua kila parseli ni nzuri. Nilienda mvua ikipiga, nikasimama na jani la mugomba kichwani, nikaangalia maji yanapita wapi. Yalipita pembeni, yakashuka ziwani. Katikati palibaki pagumu. Mwenye kuuza akanikuta pale nimelowana.

"Yemwe, mama! Unanunua udongo ama unanunua mafua?"

"Nanunua mahali ambapo watoto wangu hawataelea."

Akacheka sana. Alikuwa mutu mwenye sauti kubwa, alihitaji kuuza ili kijana wake aendelee na shule. Tukapatana.

Ndipo akaniuliza nitaleta mitungi mingapi. Nikamwambia, "Miye nimeokoka. Siku nilipobatizwa ziwani nilimuahidi Mungu mikono hii haitabeba pombe tena. Nitapika chai."

"Chai," akasema. "Mama, chai yako inaweza kuwa tamu, lakini watu watakuuliza."

"Wakiniuliza nitawajibu."

Basi siku ya mipaka nikaazima birika kubwa kwa jirani yangu, mama wa Kiislamu aliyekuwa anauza sambusa sokoni. Nikatia tangawizi, nikatia maziwa, nikakaanga mandazi. Mwalimu akaandika karatasi. Mwenye kuuza akapanda ibitongati, ile miti ya mipaka, pembe kwa pembe, halafu akakunywa vikombe viwili, mume wangu anamushikia kofia. Mushingantahe wa wakati ule alikuwa mugonjwa, hakufika. Kwa majirani alikuja muzee mumoja tu, mutengenezaji wa mawese, mwenye shamba lililopakana na yangu upande wa juu. Alikuja ameoga, amevaa koti. Alipoona birika, uso wake ukaanguka.

"Iko wapi?"

"Iko nini, mutama?" nikamuuliza, ndivyo tunaita wazee huku.

"Weye mama, usinitese. Iko wapi pombe?"

Mwenye kuuza akamuwekea kikombe mukononi. "Kunywa, mutama. Mulokole hana kingine."

Alikunywa, akaungua ulimi, akaondoka bila kusema murakoze, hata asante moja. Kutoka siku ile kila akinikuta njiani alikuwa ananisema mbele ya watu. "Muone! Huyu ndiye mwenye chai! Koo yangu bado kavu!" Watu wakacheka, wakaipa parseli yangu jina. Parseli ya chai. Nilikuwa naona aibu, nilipita haraka.

Tulianza kupanga nyumba. Jumamosi nilikuwa naenda na watoto, tunamwaga majivu chini kuchora vyumba. Hapa tutalala, hapa jiko, hapa bibi yenu akija. Mume wangu akichoka na ziwa alikuja kusimama ndani ya majivu na kusema, "Mbona kitanda changu hakiingii?" Tunafuta, tunachora tena.

Halafu ikaja 1972.

Sitaandika yote. Wenye kuwa huku wanajua, wasiokuwa huku nisiwape ndoto mbaya. Ilianza mvua ikiwa haijakwisha. Risasi, moshi juu ya mingazi, watu wakikimbia na watoto, watu wakifa. Halafu askari wakaja, na kutafuta watu kukaanza, na huko ndiko kulikochukua wengi. Mume wangu alikuwa ziwani. Ilisemwa walioanza vita walitoka ng'ambo. Wenzake walimufungia njia ya kurudi, wakamwambia mutu mwenye lugha ya ng'ambo akitua pwani hii leo hatafika nyumbani. Akabaki Baraka. Miye nilijificha na watoto kanisani, halafu nyumbani kwa yule mama wa sambusa, nyuma ya magunia yake ya unga.

Mwalimu wetu aliitwa kwenye komini, ofisi ya serikali. Alivaa shati safi akaenda. Mwenye kuuza alienda asubuhi kukata ngazi, matunda ya mawese. Wote wawili hawakurudi. Muke wa mwenye kuuza akachukua watoto, akafuata njia ya Kabonga kwenda Tanzania.

Na karatasi yangu ilikuwa na majina yao wawili, mwandiko mzuri, wino wa buluu. Nyumba zilikuwa zinapekuliwa. Mutu aliyekutwa na jina la mutu anayetafutwa alikuwa anaulizwa mambo ambayo hana jibu yake. Nikaiweka chini ya sufuria ya maharage. Iliungua haraka kuliko nilivyofikiri. Nikaomba, nikapika, tukala.

Kwa hiyo yule bwana wa Kizuka, aliyejiita ndugu ya mwenye kuuza, aliponiuliza nani alikunywa pombe, alijua anachofanya. Mwenye kuuza hayuko, mwandishi hayuko, karatasi hakuna, bwana yangu iko ng'ambo. Kilichobaki ilikuwa kitu kimoja, pombe, na hicho kitu sikukitoa.

Bashingantahe wakapanga siku ya kuja kwenye parseli yenyewe kusikiliza. Ile wiki sikulala vizuri. Mwenye nyumba niliyepanga kwake alikuwa amekwisha kuniambia nitafute pengine, anaogopa kuweka watu wa ng'ambo. Kama parseli inaenda, sikuwa na mahali pa kuweka mafiga.

Wamama wa kanisa wakaja kuniombea, na mumoja wao, mutu ninayemuheshimu, akaninong'oneza, "Dada, peleka mutungi mumoja tu. Usibebe weye, mutume mutu. Mungu anaona moyo."

"Anaona na mutungi," nikamwambia.

Yule bwana mwenyewe akaja, mupole kama mukwe. "Mama, kwa nini tugombane? Leta pombe, tukunywe pamoja, maneno yamalizike. Miye sipendi vita."

Nikamwambia siwezi. Akaenda. Wakati ule nilifikiri nakataa kwa ajili ya ahadi yangu kwa Mungu tu. Nilikuja kuelewa nyuma: kama ningeleta pombe ile wiki, ingekuwa miye mwenyewe ninasema udongo ulikuwa haujauzwa, na sasa ninaununua kwake.

Nikaenda kwa muzee wa mawese. Alikuwa anasukuma mutambo wake wa kukamua, mikono myekundu mpaka kwenye kiwiko, mafuta yanatiririka ndani ya pipa. Nikapiga magoti, nikamwomba aje aseme alichoona.

"Nilikunywa nini kwako?" akasema.

"Chai, mutama."

"Basi. Mushahidi wa chai umemuona wapi?"

"Lakini ulikuwako. Ulimuona akipanda miti ya mipaka, yule bwana wa..."

Akaacha mutambo. Akasogea karibu mpaka nikasikia harufu ya tumbaku. Hakuwa anacheza tena. "Jina ya yule mutu usiitaje hapa kwangu. Miye niko na watoto pia. Nenda, mama."

Nilirudi nyumbani na magoti yenye mafuta. Jioni ile niliwaambia watoto tuombe, na mukubwa wangu, binti, akauliza, "Tuombe wapi tutahamia?" Nikamwambia, "Tuombe mutu afungue kinywa."

Siku ikafika. Bashingantahe walikuja na fimbo zao, wakasimama pembeni ya mahindi. Mukubwa wao alikuwa mutu mupya kwetu, mwenye kusikiliza pole pole. Watu wa kolini wakajaa, maana siku zile watu walikuwa wamechoka na kufungiwa ndani, walitaka kusikia maneno ambayo mwisho wake si kufa. Muzee wa mawese alikuwako, nyuma kabisa.

Yule bwana akasema yake. Udongo wa ndugu yake, ndugu yake hayuko, yeye ndiye damu. Halafu wakaniuliza miye.

"Bwana yako iko wapi?"

"Ng'ambo."

Watu wakaguna. Mwaka ule neno hilo lilikuwa kama kushika kaa la moto.

"Karatasi?"

"Iliungua."

"Aliyeiandika?"

"Hayuko."

"Hayuko wapi?"

Mukubwa wa wazee akaangalia chini, hakuuliza mara ya pili. Alijua. Wote walijua.

Yule mama wa sambusa akasogea mbele, kanga yake ameifunga kwa nguvu. "Wallahi, wazee, birika ilikuwa yangu! Nilimuazimisha mwenyewe, na lilirudi na masizi mpaka leo halijatoka!"

Yule bwana akacheka. "Ashwi! Nyinyi Waswahili hamukunywi pombe, mutajua namna gani udongo unauzwa? Birika ni mushahidi? Tuliapishe basi!"

Watu wakacheka, na nikasikia parseli inatoka mikononi mwangu. Nikashika mutoto kwa nguvu mpaka akalia.

Mukubwa wa wazee akagonga fimbo. "Jirani wa upande wa juu iko hapa?"

Watu wakamusukuma muzee wa mawese mbele. Alikuja akitafuna tumbaku, anaangalia mahindi, anaangalia ziwa, haniangalii miye.

"Mutama. Ulikunywa pombe ya parseli hii?"

"Oya, hapana."

Yule bwana akapiga makofi. "Mumesikia! Kwa kinywa chake!"

"Sikukunywa," muzee akasema tena.

"Basi tumemaliza," yule bwana akasema. "Murakoze, mutama. Rudi kwa mawese yako."

Nafikiri kama angenyamaza pale, ningekuwa leo napanga chumba. Lakini alimwambia arudi kwa mawese yake kama mutu anafukuza kuku. Muzee akageuka.

"Nani amekwambia nimemaliza? Nasema sikukunywa, na ndiyo maneno yangu! Miye nilioga. Nilioga mchana! Nilivaa koti, nikaacha moto wa mawese, nikashuka mpaka hapa, na nimekuta nini? Birika! Mutu muzima nimepewa kikombe kama mutoto wa shule. Nimeungua ulimi. Na mandazi, moja ilikuwa mbichi ndani. Mpaka leo huyu mama iko na pombe yangu, hajanipa, mukimuacha hatanipa!"

Watu wakaanza kucheka tena, lakini kicheko kingine. Sauti ikatoka nyuma: "Kweli, ametusumbua na hiyo chai mwaka muzima!"

Mukubwa wa wazee hakucheka. "Ngoja, mutama. Unadai pombe ya nini?"

"Ya parseli! Ya nini ingine?"

"Parseli gani?"

Muzee akapiga mguu chini, mahindi mbili ikalala. "Hii! Munadhani miye ni mwenda wazimu? Nitadai pombe ya parseli ambayo haikuuzwa?"

Akashika kinywa, kama mutu ambaye amesikia alichosema kimekwisha toka.

"Na unamudai nani?" mukubwa wa wazee akauliza pole pole. "Huyu mama, ama huyu bwana?"

"Bwana huyu?" Muzee akamupima kwa macho kutoka miguu mpaka kichwa. "Huyu sikumuona hapa. Anadaiwa aliyenunua."

"Mutama, umekwisha kulewa," yule bwana akasema.

"Na chai?"

Watu wakapasuka. Lakini miye sikucheka. Muzee alikuwa amesema mbele ya kolini nzima kwamba alikuwako siku mutu yule aliyetafutwa alipouza udongo wake. Jina hakulitaja. Hakuna mutu aliyelitaja.

Wazee wakaenda pembeni, wakarudi. Parseli iko ya mama. Yule bwana avune mahindi yake, asipande tena, na ibitongati alizong'oa azirudishe. Halafu mukubwa wao akanigeukia.

"Sasa mama, umesikia. Iko deni ya pombe hapa. Leta, tukunywe, tufunge maneno."

Watu wakaniangalia. Nilikuwa nimekwisha kushinda, na sasa nilikuwa nasimama tena mahali pale pale.

"Wazee wangu," nikasema, "naomba musamaha. Nitapika chai."

Mukubwa wao akainama kwa muzee wa mawese, akamuuliza kama atakubali, na muzee akaitika kwa kichwa, kwa uchungu.

"Basi mandazi ziive," mukubwa wa wazee akasema.

Mahindi ilipovunwa, nilirudi na watoto na ndoo ya majivu. Tulichora vyumba upya, na cha baba yao tulikifanya kikubwa, hata kama wakati ule sikujua kama nitamuona tena. Alikuja mwaka uliofuata, mwembamba, akakuta ukuta wa rukarakara, matofali ya udongo, umefika madirishani na watoto wameuchora wote kwa mukaa. Alishika kuta moja moja kwa mukono. Hakusema kitu juu ya kitanda.

Lakini siku ninayokumbuka zaidi ni ile ya kuchimba msingi. Nilipika chai, na muzee wa mawese akashuka bila kuitwa, hana koti.

"Leo kuna nini?"

"Chai, mutama."

"Yemwe," akasema, akakaa juu ya jiwe.

Alipokea kikombe. Mbele ya kunywa alisimama, akaenda mpaka kwenye ile miti ya mpaka ya pembe ya juu, pale mwenye kuuza alipoipanda kwanza, akamwaga kidogo chini. Miye nimeokoka, mambo ya kumwagia wafu udongoni tuliyaacha. Nikageuza uso kwa jembe langu, sikumukataza.

"Yeye naye alikunywa," muzee akasema, sauti ya chini. "Vikombe viwili. Nilimuona."

Halafu akarudi kwenye jiwe lake, akaniambia tangawizi imezidi.